Muulize Daktari wa Meno: Mpini wa Mwanzi, Nyuzi za Nailoni

Toleo lililopita niligusia kidogo tu suala la miswaki isiyo ya plastiki, na barua zimemiminika kuliko nilipoandika kuhusu kung'oa magego ya mwisho. Wengi mnauliza yaleyale, kwa hiyo nimechagua saba, nikazifupisha, na majibu yake yawe ya wote.

Niseme mapema ninaposimama. Mimi ndiye ninayewaambia watu kila siku wabadili mswaki kila baada ya miezi mitatu au minne, au mapema zaidi nyuzi zikianza kutawanyika. Hiyo ni miswaki mitatu au minne kwa mwaka kwa kila kinywa, na mtu akijaliwa miaka 70 ya kupiga mswaki, inapita 200. Plastiki yake haiozi. Inamegekamegeka tu, vipande vikazidi kuwa vidogo. Kwa hiyo anayeniuliza afanyeje ili asiache nyuma yake rundo hilo, ananiuliza jambo linalonihusu moja kwa moja. Ila sitakubali mtu aokoe ardhi kwa kupoteza fizi zake, maana vyote viwili vinawezekana kwa pamoja.

Shikamoo daktari. Nimenunua miswaki ya mianzi. Kwenye boksi imeandikwa kwamba inaoza kwa asilimia 100. Mwalimu mwenzangu anasema nimeuziwa plastiki vilevile. Nani mkweli? (Mwalimu wa msingi)

Marahaba, mwalimu. Mwenzako yuko karibu na ukweli kuliko hilo boksi.

Mswaki una sehemu tatu, na watu huangalia moja tu. Kuna mpini, ambao kwenye mswaki wako ni mwanzi kweli. Kuna nyuzi zinazosugua. Na kuna vibanzi vidogo vya chuma, ambavyo huvioni, vinavyobana kila fungu la nyuzi ndani ya tundu lake. Mwanzi ni jamii ya nyasi, hukua haraka kuliko mti wowote wa mbao, na mpini wake ukifukiwa kwenye udongo wenye unyevu utaoza. Nyuzi ni habari nyingine. Karibu miswaki yote ya mianzi inayouzwa ina nyuzi za nailoni, na nailoni ni plastiki. Soma maandishi madogo ya nyuma ya boksi. Ukikuta "nailoni 6" au "nailoni 6.12", basi ile "asilimia 100" ya mbele inahusu mpini peke yake, na aliyeiandika anajua hivyo.

Wengine wataandika kwamba nyuzi zimetokana na mafuta ya nyonyo. Hilo linaweza kuwa kweli. Iko nailoni, hasa ile iitwayo nailoni 11, inayotengenezwa kwa mafuta ya mbegu za mbarika badala ya mafuta ya petroli. Chanzo chake ni mmea, na hilo ni jambo jema. Lakini ikishakuwa nailoni ni nailoni, haiozi kwenye bustani yako. Kutoka kwenye mmea na kurudi kuwa udongo ni mambo mawili tofauti, na biashara nyingi zinaishi hapo katikati. Ndivyo ilivyo pia kwa mipini ya plastiki inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi. Mingi huoza tu kwenye mitambo maalumu ya mboji yenye joto la karibu nyuzijoto 60. Ukiifukia nyuma ya nyumba utaikuta ilivyo.

Kama boksi halisemi kitu, pima mwenyewe. Ng'oa uzi mmoja kwa koleo ndogo, uushike kwa koleo hiyohiyo, usogeze ncha yake kwenye mwali wa kiberiti mahali penye hewa. Ukijikunja, ukayeyuka na kuacha kidonge kigumu chenye kung'aa, ni nailoni. Ukitoa harufu ya nywele iliyoungua na kubaki jivu linalosagika kwa vidole, ni nywele za mnyama. Uzi mmoja unatosha, usichome mswaki mzima.

Je, uitupe? Hapana, mwalimu, itumie. Sehemu kubwa ya uzito wa mswaki ni mpini, kwa hiyo umekwishapunguza plastiki nyingi. Nami kama daktari nasema wazi kwamba nailoni laini ni nyuzi nzuri kwa meno. Inakauka upesi, ncha zake zinaweza kuviringwa zisikwaruze fizi, na zote zina unene mmoja. Ninachokuomba ni ukague vitu viwili. Cha kwanza, uwe umeandikwa laini. Mingi ya mianzi niliyoletewa na wagonjwa niione kwa macho yangu ni migumu mno. Cha pili, pitisha kidole kwenye kichwa na shingo ya mpini. Ukihisi nyuzinyuzi za mwanzi zinachomachoma, uache hukohuko dukani.

Nyumbani, usiusimamishe kwenye kikombe chenye maji chini. Mwanzi hunywa maji, na baada ya wiki chache kitako chake kinakuwa cheusi na kuota ukungu. Ukimaliza, ufute kwa kitambaa, uuweke wima au uulaze mahali hewa inapopita pande zote. Jambo dogo hili ndilo linalowafanya watu waseme miswaki ya mianzi haidumu.

Siku ya kuuaga, ng'oa nyuzi kwa koleo, fungu baada ya fungu. Zinatoka na vile vibanzi vya chuma. Ukishindwa, kata kichwa chote kwa msumeno mdogo. Nyuzi na chuma ziende kwenye taka, mpini uende udongoni.

Daktari mwanangu, mimi ni mzee mstaafu. Nimeachana na plastiki moja kwa moja, nasafisha meno kwa kijiti cha mti wa mswaki tu, asubuhi na jioni. Mjukuu wangu ananicheka kwamba nimerudi nyuma. Je, nimekosea? (Babu wa wajukuu sita)

Shikamoo mzee wangu. Mwambie mjukuu apunguze kicheko, maana hicho kijiti kina heshima yake hata kwetu sisi wa makoti meupe. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mahali kinapopatikana na watu wamekizoea. Na kati ya vyote mtakavyosoma kwenye ukurasa huu leo, ndicho peke yake kisicho na chembe ya plastiki, wala chuma, wala boksi.

Mti wenyewe, kwa jina la kitaalamu *Salvadora persica*, una mambo ndani yake. Mzizi na matawi yake yana silika, ambayo husaidia kusugua madoa. Yana tanini, zile zinazoufanya mdomo ukaze kidogo. Na ule ukali unaouhisi puani ukitafuna kijiti kibichi unatokana na kemikali yenye salfa ndani yake, jamii moja na ile ya haradali, ambayo maabara imeonyesha kwamba inaua baadhi ya bakteria wa kinywani. Tafiti kadhaa zilizolinganisha kijiti na mswaki wa kawaida zimekuta kwamba mtu aliyefundishwa kukitumia vizuri anaweza kuondoa ukoga karibu sawa na mwenye mswaki.

Neno lililobeba uzito hapo, mzee wangu, ni "aliyefundishwa".

Nikueleze ninachokiona kwenye kiti changu. Anakuja mtu anayetumia kijiti peke yake. Anatabasamu, meno ya mbele ni meupe, safi, hata mimi nayasifu. Kisha naingiza kioo kidogo nyuma ya meno ya chini ya mbele, upande wa ulimi, na hapo nakuta ugaga, ukoga uliokwisha ganda, umejenga ukuta kutoka jino hadi jino, rangi ya manjano iliyokolea, umeisukuma fizi chini. Nahamia kwenye magego ya mwisho upande wa ndani, nakuta vilevile. Sababu si uvivu. Nyuzi za mswaki wa kawaida zimesimama kando ya mpini, kwa hiyo unaufikisha mpini nyuma na nyuzi zinaligeukia jino zenyewe. Nyuzi za kijiti zimetazama mbele, zikifuata urefu wa kijiti. Upande wa nje wa meno unazifikia bila shida. Upande wa ndani unahitaji mkono upinde kijiti kwa namna ambayo wengi hawajawahi kuonyeshwa.

Tatizo la pili liko palepale kwenye meno ya mbele yanayong'aa. Mtu anasugua jino moja kwa kwenda na kurudi, kwa nguvu, huku akizungumza na wenzake, dakika ishirini. Fizi inarudi nyuma, shingo ya jino inabaki wazi, na maji ya baridi yanaanza kuuma. Fizi ikisharudi haijirudishi yenyewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua kijiti kibichi, unene wa kidole kidogo au chini yake, urefu wa sentimita 15 hivi ili mkono upate pa kushika. Menya ganda la nje kiasi cha sentimita moja tu. Tafuna hiyo ncha taratibu mpaka nyuzi ziachane na kulainika. Ikiwa kijiti kimekauka, kiloweke kwanza kwenye maji safi, maana kikavu kinakwaruza. Sugua kutoka kwenye fizi kwenda kwenye ncha ya jino, juu kushuka kwa meno ya juu, chini kupanda kwa meno ya chini, bila kukandamiza. Kwa upande wa ndani, pinda zile nyuzi kwa kidole zilale pembeni, kisha ingiza kijiti kutoka kona ya mdomo ya upande wa pili. Simama mbele ya kioo wiki ya kwanza. Kila siku kata ile ncha iliyotumika, menya mpya. Usikitunze mfukoni pamoja na funguo na pesa.

Kuna jambo moja ambalo kijiti hakiwezi kukupa kwa kiwango cha kutosha, nalo ni floraidi. Ndiyo, inapatikana kidogo ndani yake, lakini haifiki kiasi kinacholinda jino lisitoboke. Katika umri wako fizi nyingi zimekwisha shuka, na mizizi iliyo wazi hutoboka upesi kuliko sehemu ya juu ya jino. Ningefurahi kama asubuhi na mchana utaendelea na kijiti chako, na usiku kabla ya kulala utumie mswaki laini, hata huo wa mwanzi, na dawa ya meno yenye floraidi. Ukiukataa mswaki kabisa, basi paka dawa hiyohiyo kwenye nyuzi za kijiti. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi.

Na kwa wengine mnaosoma: mwarobaini nao hutumika, uchungu wake mnaujua. Lakini msikate kijiti kwenye mti wowote ulio karibu. Miti yenye utomvu mweupe kama mnyaa inaunguza kinywa na ikigusa jicho ni balaa. Usioujua, usiutie mdomoni.

Nimeona miswaki yenye mpini wa mbao na nyuzi za nywele za mnyama, hakuna plastiki hata kidogo. Mbona hamtuambii habari zake? (Mpenda mazingira)

Nakuambia sasa. Nywele hizo mara nyingi ni za nguruwe, na wapo ambao dini yao inawazuia kuzitia kinywani, kwa hiyo muuzaji anatakiwa aseme waziwazi. Si kitu kipya. Wachina walikuwa na miswaki ya nywele za nguruwe kwenye mipini ya mfupa na mianzi karne ya 15, na Ulaya ilitumia nywele hivyohivyo kwa muda mrefu, mpaka nailoni ilipoingia. Mswaki wa kwanza wa nyuzi za nailoni, zilizotengenezwa na kampuni ya DuPont, ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1938.

Ulimwengu haukuziacha nywele kwa ajili ya urembo. Unywele wa mnyama una uwazi ndani, unanyonya maji, unachelewa kukauka, na bakteria wanapenda mahali pa namna hiyo. Ncha zake huchanika na unene wake haulingani. Kweli zinaoza, na mswaki wa aina hiyo ukifa unaweza kurudi wote udongoni ukishatoa vibanzi vya chuma. Ukiamua kuutumia, uwe na miwili na uibadilishe ili mmoja ukauke kwa siku nzima, na uitupe mapema kuliko ya nailoni. Mwenye fizi zinazotoka damu, au anayetibiwa ugonjwa unaopunguza kinga ya mwili, simshauri kabisa.

Mimi nimemaliza kabisa: hakuna mswaki, hakuna dawa ya kwenye tyubu. Natumia kidole, unga wa mkaa na chumvi, na mara moja kwa wiki ndimu. Meno yamekuwa meupe. Waambie wasomaji wako. (Kijana asiyetaka plastiki)

Kijana wangu, nakuomba uache leo, na ndimu uiache sasa hivi.

Jino limefunikwa na tabaka gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, na tabaka hilo halioti tena likiisha. Linaanza kupoteza madini yake kinywa kinapokuwa na asidi ya kiwango cha pH 5.5 kushuka chini (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi). Maji ya ndimu yako kwenye pH 2 hivi. Unalainisha jino kwa asidi, kisha unalisugua kwa chembe za mkaa. Weupe unaouona mwanzoni ni madoa yaliyokwanguliwa. Ukiendelea, litakalofuata ni umanjano usiofutika, kwa sababu tabaka la juu limekuwa jembamba na sehemu ya ndani, ambayo ni ya manjano, inaanza kuonekana. Kidole nacho hakiingii kwenye mfereji ulio kati ya jino na fizi, ambapo ndipo ugonjwa wa fizi unapoanzia.

Nia yako ya kuikwepa tyubu naielewa na naiheshimu, maana tyubu nyingi zina tabaka za plastiki na alumini zilizogandana na ni ngumu kuzichakata. Zipo dawa za meno za vidonge, zinazouzwa kwenye mkebe wa bati au chupa ya kioo. Unatafuna kimoja, kinakuwa povu, unapiga mswaki. Ila nyingi hazina floraidi, kwa hiyo soma kabla ya kununua. Kwa mtu mzima tafuta kiwango cha kati ya 1,000 na 1,500 ppm, yaani sehemu za floraidi katika kila sehemu milioni moja za dawa. Floraidi ndiyo inayosaidia madini kurudi kwenye jino baada ya kila mlo, na hakuna mkaa wala chumvi inayofanya kazi hiyo.

Mwanangu ana miaka miwili na anauma mswaki kama anakula. Nimpe wa mwanzi? (Mama wa mtoto wa kwanza)

Mama, kwa sasa bado. Mtoto anayetafuna mswaki atachana mwanzi, na kibanzi kinaweza kumchoma fizi. Kijiti cha mti pia usimpe, anaweza kuanguka nacho mdomoni. Mpe mswaki wa kitoto wenye kichwa kidogo na nyuzi laini sana, hata kama ni wa plastiki, na dhamiri yako itulie. Umpigie mswaki wewe mwenyewe, na uendelee kumsaidia hadi afike miaka saba au minane. Dawa yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya mchele mpaka atimize miaka mitatu, baada ya hapo kiasi cha punje ya njegere. Akishaacha kutafuna, wa mwanzi wa kitoto utamfaa.

Daktari, nyumbani tunatumia miswaki ya umeme. Binti yangu amerudi kutoka chuo anasema tunaharibu dunia, tununue ya mianzi mara moja. Ndiyo hivyo? (Baba wa binti mkali)

Kaka yangu, binti ana hoja, na ana ushahidi. Mwaka 2020 jarida la British Dental Journal lilichapisha utafiti uliolinganisha miswaki ya aina nne: wa umeme, wa plastiki wa kawaida, wa plastiki wenye kichwa cha kubadilisha, na wa mwanzi. Watafiti hawakuangalia taka tu. Walifuata safari nzima, malighafi, kiwanda, usafirishaji, matumizi, hadi kutupwa. Wa umeme ulishika mkia. Kwa upande wa kuchangia joto la dunia, madhara yake yalikuwa mara 11 ya yale ya mwanzi.

Lakini kuna sehemu ya utafiti huo ambayo wauzaji wa mianzi hawaipigii debe. Ule wa plastiki wenye kichwa cha kubadilisha nao ulifanya vizuri, bega kwa bega na wa mwanzi. Ukifikiri utaona sababu. Mpini unabaki miaka na miaka, unachotupa ni kichwa chepesi tu. Mianzi nayo inahitaji shamba, na shamba hilo lingeweza kuwa msitu. Basi mtu asiyependa kushika mbao mdomoni, au ambaye mswaki wa mwanzi unamwotea ukungu kila mara kwa sababu bafu lake halina hewa, anayo njia hii, na simwoni kuwa amesaliti mazingira. Ahakikishe tu kwamba vichwa vya kubadilisha vinapatikana muda wote. Mpini usio na vichwa ni taka ya siku ya pili.

Kuhusu miswaki yako ya umeme, imekwishatengenezwa, na madhara yake mengi yamekwishatokea. Kuitupa ikiwa nzima ni kuongeza hasara. Endelea nayo mpaka ife, ubadilishe vichwa tu. Ikifa, betri yake isiingie kwenye taka za kawaida. Ipeleke wanapopokea vifaa vya umeme vilivyochakaa. Hapo ndipo muamue pamoja na binti. Na kama kuna mtu nyumbani mwenye ugonjwa wa viungo vya mkono, au aliyepooza upande, au mwenye waya za kunyoosha meno, yeye abaki na wa umeme bila kuulizwa na yeyote. Mswaki unaosaidia mkono dhaifu ni kifaa cha tiba.

Nimekusanya miswaki ya plastiki ya familia nzima, ndoo ndogo imejaa. Nataka kuanza upya. Niichome moto? (Mama anayefanya usafi)

Dada yangu, kiberiti kiweke chini. Nailoni ikiungua hutoa gesi zenye sumu, mojawapo ni sianidi ya haidrojeni, na moshi huo utauvuta wewe na watoto wako kabla ya kufika kwa jirani.

Igawe mafungu mawili. Ile ambayo nyuzi zake bado zimenyooka na mtu anaitumia, aendelee nayo hadi muda wake. Hakuna faida ya mazingira katika kutupa mswaki mzima ili ununue wa mwanzi. Iliyochakaa ioshe kwa maji ya moto na sabuni, uitie alama kwa rangi ya kucha au uikate ncha ya mpini ili asije mtoto akaitia mdomoni, kisha ipe kazi: mistari ya vigae, shingo za chupa, soli za viatu, mnyororo wa baiskeli, kola za mashati. Mmoja uweke karibu na cherehani kama unayo, hakuna kinachotoa vumbi la uzi kwenye meno ya mashine vizuri kama huo.

Kiwanda cha kawaida cha kuchakata plastiki huikataa, kwa sababu mpini ni plastiki aina moja, mara nyingi polipropilini, ile sehemu laini ya kushikia ni mpira wa aina nyingine, nyuzi ni nailoni, na ndani kuna chuma. Kuvitenganisha ni ghali kuliko thamani yake. Kama unapoishi kuna wanaopokea miswaki maalumu kwa kazi hiyo, wapelekee. Kama hakuna, itakayobaki baada ya kuchoka kabisa ifunge pamoja na iende na taka zinazozolewa, isiachwe kwenye mtaro. Polipropilini huelea, na mvua ya kwanza itaibeba hadi mtoni.

Unaponunua mipya, nunua ya kutosha miezi mitatu tu kwanza, mmoja kwa kila mtu. Muone kama mnaipenda, kama fizi hazitoki damu, kama mipini haioti ukungu. Kisha uniandikie.